KUIHAKIKI RIWAYA MPYA YA MAPENZI: MWONGOZO KWA MWALIMU NA MTAHINIWA

Utangulizi

Katika shule za upili za mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, toka Pumwani hadi Kayole, mwanafunzi huwa na vitabu vya aina mbili. Kuna vile vilivyoteuliwa kutahiniwa, ambavyo huvisoma kalamu mkononi, akipiga mstari chini ya kila tashbihi na kila methali. Kuna pia vile vinavyosomwa kwa siri, chini ya dawati, katika kipindi ambacho mwalimu hajafika. Hivi hupita mkono hadi mkono mpaka jalada likabanduka. Vingi kati ya hivi vya pili ni riwaya za mapenzi. Mwalimu akikifumania kitabu cha aina hii, aghalabu hukitwaa, akakifungia kabatini, na mjadala ukaishia hapo.

Makala haya yanadhamiria kuonyesha kuwa kitabu hicho kilichofungiwa kabatini kinaweza kuhakikiwa, na kwamba kukihakiki ni sehemu halali ya ufundishaji wa fasihi. Hatudai kuwa kila riwaya ya mapenzi ni nzuri. Nyingi ni dhaifu. Tunachodai ni kwamba mwanafunzi anayeambiwa tu kuwa kitabu ni kibaya, bila kuonyeshwa ubaya wake uko wapi, hajafundishwa lolote. Mwanafunzi huyo anaweza kuzitaja sifa sita za Maimuna katika Utengano akapata alama zake zote, na jioni hiyo hiyo akashindwa kuupima ujumbe wa mapenzi ulioingia kwenye simu yake. Kuyapima maneno ya mapenzi, yawe ya mhusika wa kitabuni au ya jirani wa ploti, kunahitaji stadi ile ile: kusikiliza kinachosemwa, kutazama kinachotendwa, na kuuliza kama viwili hivyo vinalingana.

Riwaya ya mapenzi ni ipi?

Mhakiki hana budi kuanza kwa kuitambua kazi aliyo nayo. Karibu kila riwaya ya Kiswahili ina mapenzi ndani yake, lakini si kila riwaya yenye mapenzi ni riwaya ya mapenzi. Jaribio rahisi ni hili: yaondoe mapenzi, kisha utazame kinachobaki.

Chukua Siku Njema (1996) ya marehemu Ken Walibora. Kongowea Mswahili anampenda Vumilia, na mapenzi hayo yanaipamba hadithi. Hata hivyo, kinachoisukuma mbele ni safari yake ya kumtafuta babake. Ukiyaondoa mapenzi, safari itabaki. Chukua pia Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed. Maimuna anakutana na wanaume kadha, lakini swali kuu la riwaya hiyo ni la familia inayosambaratika na la mwanamke aliyefungiwa ndani hata asiujue ulimwengu anaotorokea.

Sasa tazama Kiu (1972) ya Mohamed Suleiman Mohamed. Uondoe uhusiano wa Bahati na Idi, uiondoe na tamaa ya tajiri Mwinyi, na hutabaki na hadithi ya kusimulia. Kiu inayotajwa katika anwani ni ya mapenzi na ya mali kwa pamoja, na riwaya nzima inauliza ipi itaishinda nyingine. Hii ni riwaya ya mapenzi, ingawa ni chungu. Katikati ya aina hizi mbili kuna kazi kama Vuta N'kuvute (1999) ya Adam Shafi, ambamo Yasmin, msichana aliyeozwa kwa mume mzee, anamwacha mume huyo na baadaye kumpenda Denge, mpigania uhuru wa Zanzibar. Humo mapenzi na siasa zimeshikana kama uzi na sindano. Mkurugenzi Amil Shivji alipoigeuza riwaya hiyo kuwa filamu mwaka 2021, hakuweza kukiacha kimoja akabaki na kingine.

Kwa hivyo, tunaweza kusema kuwa riwaya ya mapenzi ni ile ambayo msuko wake unaendeshwa na swali moja: je, watu hawa watapatana, na kwa gharama gani? Kazi nyingi za aina hii zimo katika kundi pana linaloitwa riwaya pendwa, pamoja na zile za upelelezi na za ujambazi. Neno 'pendwa' lisichukuliwe kuwa tusi. Linaeleza kuwa kazi inapendwa na wasomaji wengi, na halisemi chochote kuhusu ubora wake. Dar es Salaam Usiku (1990) ya marehemu Ben Mtobwa ni riwaya pendwa, na bado ina mengi ya kusema kuhusu mapenzi na pesa mjini.

Historia fupi ya dharau

Dharau dhidi ya hadithi za mapenzi haikuanzia katika vyumba vyetu vya walimu. Kampuni ya Mills & Boon ilianzishwa London mwaka 1908, na ile ya Harlequin nchini Kanada mwaka 1949. Mwaka 1971 Harlequin iliinunua Mills & Boon, na vitabu vyake vidogo vikaenea duniani kote vikiwa na kanuni moja: wawili wakutane, wagombane, kisha wapatane. Vitabu hivyo vilifika Nairobi kwa wingi, na hata leo huuzwa vikiwa vya mitumba kandokando ya barabara za jiji.

Wachapishaji wa hapa nao walijibu. Heinemann ya Nairobi ilianzisha mfululizo wa Spear mwaka 1975 kwa ajili ya usomaji mwepesi. David Maillu naye alikuwa tayari amejichapishia vitabu kama vile After 4.30 (1974), ambamo makarani wa kike wa ofisi za Nairobi na mabosi wao wanasema yale ambayo wengi hawakutarajia kuyaona kwa maandishi. Vitabu vya Maillu vilinunuliwa kwa pupa Kenya, na vikapigwa marufuku nchini Tanzania mwaka 1976.

Mfano unaotufaa zaidi sisi walimu wa Kiswahili ni Rosa Mistika (1971) ya marehemu Euphrase Kezilahabi. Riwaya hiyo ilizuiwa katika shule za Tanzania kwa kuwa ilisawiri waziwazi maisha ya kimapenzi ya msichana. Baadaye iliruhusiwa, na hatimaye ikawa kitabu cha kufundishia. Hebu tutafakari kilichotokea. Zakaria, baba yake Rosa, anampiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa anakua akiwaogopa wanaume bila kuwajua, na anapotoka nyumbani hana kinga yoyote. Riwaya hiyo ilikuwa ikionya dhidi ya fimbo na kimya cha mzazi. Waliokizuia kitabu walitumia fimbo na kimya vile vile. Waliitazama mada, hawakutazama mwandishi ameifanyia nini mada hiyo.

Kisa cha aina hii si cha Afrika Mashariki pekee. Kule Kano, kaskazini mwa Nijeria, kuna fasihi kubwa ya mapenzi kwa lugha ya Kihausa, ambayo sehemu yake nzuri imeandikwa na wanawake. Mwaka 2007 serikali ya jimbo hilo ilivichoma baadhi ya vitabu hivyo hadharani. Hata hivyo, uandishi huo haukufa. Moto huo haukumwonyesha msomaji yeyote ni kitabu kipi kilichokuwa na kasoro, wala ni kasoro gani.

Maswali sita ya mhakiki

Tunapendekeza kwamba mwalimu na mwanafunzi waikabili riwaya mpya ya mapenzi kwa maswali sita yafuatayo.

(i) Kikwazo ni cha kweli?

Riwaya ya mapenzi huishi kwa kikwazo. Wapendanao wakipatana katika ukurasa wa tano, hadithi imekwisha. Swali ni kama kikwazo kinatokana na wahusika na jamii yao, au kimebandikwa ili kurasa zijae. Katika riwaya za miaka ya 1970, barua iliyopotea ilikuwa kikwazo cha kuaminika. Siku hizi karibu kila mhusika wa Nairobi ana simu. Mwandishi anayetaka wapenzi wake wasipatane kwa miezi sita ana kazi ya kueleza kwa nini hakuna aliyepiga simu, wala kutuma ujumbe, wala kumwuliza rafiki wa pamoja.

Vikwazo vyenye uzito havijaisha. Tofauti za kabila ni kimojawapo. Katika Chozi la Heri ya Assumpta Matei, Selume analazimika kuiacha ndoa yake kwa sababu ya uhasama wa kikabila uliofuata uchaguzi. Msomaji wa Eastlands aliyeyaona ya mwaka 2007 na 2008, au aliyesimuliwa na wazazi wake, hahitaji kuambiwa kuwa kikwazo hicho ni cha kweli.

(ii) Hiari ipo, na umri je?

Hapa ndipo mhakiki anapotakiwa kuwa macho zaidi. Riwaya nyingi dhaifu humchora mwanamume anayemfuatafuata msichana baada ya kukataliwa mara tatu, kisha zikauita usumbufu huo uthabiti wa mapenzi. Nyingine humchora mwalimu au tajiri anayempenda msichana wa kidato cha pili, na kumalizia kwa harusi. Mhakiki ayaite mambo kwa majina yake. Kwa mujibu wa Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 ya Kenya, mtu mzima anayefanya ngono na mtoto aliye chini ya miaka 18 ametenda kosa la unajisi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 nayo imeuweka umri wa chini wa ndoa kuwa miaka 18.

Hii haina maana kwamba riwaya isisawiri mambo hayo. Utengano na Rosa Mistika zimeyasawiri maovu makubwa zaidi. Tofauti iko katika mtazamo wa usimulizi. Je, msimulizi anajua kuwa anachokisimulia ni dhuluma, au anatutaka tushangilie? Mwanafunzi anayeweza kulijibu swali hili kwa kutaja ukurasa na maneno yenyewe amepiga hatua kubwa.

(iii) Pesa zinasema nini?

Mapenzi ya mjini hayaepuki pesa, na mwandishi anayejifanya kuwa hayana pesa anatudanganya. Nani analipa nauli? Nani analipa kodi ya nyumba mwisho wa mwezi? Tangu huduma ya M-Pesa izinduliwe mwaka 2007, ujumbe wa pesa umechukua sehemu ya kazi ya barua ya mapenzi. Shilingi 200 zilizotumwa na mpenzi asiye na kazi huweza kuwa na uzito kuliko 5,000 za mzee anayetaka kulipwa kwa njia nyingine. Mwandishi hodari huufanya ukweli huu uonekane katika matendo. Mwandishi dhaifu humleta mjomba tajiri katika sura ya mwisho ili alipe kila deni.

(iv) Mandhari ni mtaa, au ni jina tu la mtaa?

Baadhi ya waandishi hulitaja jina la Eastlands kana kwamba ni mtaa mmoja wa watu wa aina moja. Mkaazi anajua kuwa sivyo. Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, nyumba zake zikiwa za chini na zenye nyua. Buruburu ilijengwa tangu miaka ya 1970 kwa ajili ya watu wa tabaka la kati waliolipia nyumba zao kwa mikopo. Dandora ilianzishwa katika miaka hiyo hiyo kwa mkopo wa Benki ya Dunia, watu wakipewa vipande vya ardhi vyenye maji na njia za majitaka ili wajijengee wenyewe. Katika Pipeline na sehemu za Kayole, maghorofa yamebanana hivi kwamba anayeanika nguo upande huu anaweza kusikia redio ya upande wa pili.

Je, haya yana uhusiano gani na mapenzi? Yana uhusiano mkubwa, kwa kuwa mapenzi huhitaji faragha, nayo faragha hutegemea nyumba. Katika chumba kimoja chenye watu sita, ambapo pazia ndilo linalotenga kitanda cha wazazi, wapenzi hawana mahali pa kukaa. Watazungumzia kwenye ngazi, kwenye foleni ya maji, ndani ya matatu namba 58 inapokwama kwenye msongamano wa Jogoo Road, baada ya mazoezi ya kwaya, au maktabani. Riwaya inayowapa vijana wawili wa Huruma sebule tupu yenye makochi kila Jumamosi haijautazama mtaa. Mwanafunzi wa Huruma ana haki ya kuyasema hayo katika tahakiki yake. Hapo ujuzi wake wa mtaa unakuwa ushahidi ambao mhakiki wa mbali hana.

(v) Lugha ni ya nani?

Hili ni suala lenye utata kwetu sisi walimu wa Kiswahili. Eastlands ndiko kunakotajwa na wataalamu wengi kuwa chimbuko la Sheng. Mtaalamu Chege Githiora ameiandikia kitabu kizima, kilichochapishwa mwaka 2018. Kituo cha Ghetto Radio kimekuwa kikiitangazia tangu mwaka 2008, na jarida la vibonzo la Shujaaz limekuwa likiitumia tangu mwaka 2010. Mwandishi akiwafanya vijana wawili wa Jericho watongozane kwa Kiswahili cha taarifa ya habari, msomaji atacheka pale ambapo hakutakiwa kucheka. Akiwajaza Sheng kila sentensi, nako kuna hatari, kwa sababu maneno ya Sheng huzeeka upesi na hutofautiana baina ya mtaa na mtaa.

Ushauri wetu ni kuwa mhakiki asihesabu maneno ya Sheng. Aulize yanafanya kazi gani. Je, kijana anabadili lugha anapozungumza na mama wa mpenziwe? Je, msichana anatumia Kiswahili sanifu anapotaka kumweka mtu mbali naye? Mabadiliko ya namna hii ni mbinu ya usawiri wa wahusika. Mtahiniwa akumbuke pia kuwa lugha ya tahakiki yake mwenyewe hubaki kuwa Kiswahili sanifu, hata anaponukuu Sheng ya wahusika.

(vi) Mwisho umestahili?

Wasomaji wa riwaya za mapenzi hupenda mwisho mwema, na si kosa kuupenda. Wahakiki wengi wachanga hudhani kuwa mwisho wa kifo ndio wenye hadhi na wa harusi ni wa kitoto. Huo ni upendeleo. Harusi inaweza kuwa mwisho unaostahili ikiwa wahusika wamebadilika kiasi cha kuweza kuishi pamoja. Kifo kinaweza kuwa hila ya kukwepa swali gumu. Mhakiki aurudie mwanzo wa riwaya aone swali lililoulizwa, kisha atazame kama mwisho umelijibu swali hilo au umejibu jingine.

Mfano wa kazi

Tuseme kuna riwaya fupi ya kurasa 140. Tumeibuni kwa ajili ya zoezi hili tu, kwa hivyo haina anwani wala mwandishi. Msichana wa miaka 20 anayeishi Kayole anauza vitabu vya mitumba Muthurwa. Anapendana na kijana wa Buruburu anayetengeneza simu. Mamake kijana anakataa. Simu ya kijana inaibwa, nao wanapoteana kwa miezi mitatu. Mwishowe msichana anarithi pesa za shangaziye, mama anakubali, na harusi inafanyika.

Tahakiki ya kwanza inasema: 'Hii ni riwaya nzuri sana inayotufunza kwamba mapenzi ya kweli hushinda. Mwandishi ametumia tashbihi, methali, sadfa na taswira. Wahusika wamechorwa vyema. Inafaa kusomwa na wote.'

Tahakiki ya pili inasema: 'Riwaya hii ina nguvu katika nusu yake ya kwanza. Mwandishi anajua kuwa nyumba ya chumba kimoja haina faragha, kwa hivyo wapenzi wake wanazungumza kwa minong'ono kwenye ngazi, wakinyamaza kila jirani anapopita na mtungi wa maji. Minong'ono hiyo inatusadikisha kuwa wanapendana kuliko maneno matamu yanayofuata. Udhaifu unaanza simu inapoibwa. Kijana anakijua kibanda cha msichana Muthurwa, na matatu yake hupita karibu na hapo kila siku. Kwa nini hashuki? Pingamizi la mama lilikuwa na uzito wa kweli, lakini linaondolewa na urithi wa ghafla. Mama hajabadili mawazo yake kuhusu wakaazi wa Kayole. Amepewa sababu ya kuyanyamazia. Msimulizi anaiita siku hiyo ushindi wa mapenzi. Msomaji makini ataiona kuwa ushindi wa pesa.'

Tahakiki ya kwanza inaweza kubandikwa kwenye kitabu chochote. Ya pili haiwezi kubandikwa ila kwenye hiki. Inasifu kwa sababu, inakosoa kwa sababu, na kila dai lina tukio linaloliunga mkono. Tazama pia kwamba haijatoa orodha ya mbinu. Sadfa ya urithi imejadiliwa bila hata kutajwa kwa jina. Katika mtihani mtahiniwa angeongeza istilahi hiyo, lakini istilahi ifuate hoja, isiwe badala yake.

Makosa yanayojirudia

Kwanza, kusimulia riwaya yote. Muhtasari wa aya moja watosha. Msomaji wa tahakiki anataka kujua kama akitafute kitabu, na huwezi kumsaidia kwa kumpokonya taharuki yake.

Pili, kuhubiri. Mhakiki anaweza kuukataa msimamo wa mwandishi, lakini lazima kwanza aueleze kwa haki.

Tatu, kumhukumu mhusika badala ya riwaya. Kusema kuwa Bahati ni mjinga kwa kumwamini Idi si uhakiki wa Kiu. Uhakiki ni kueleza jinsi mwandishi anavyotufanya tuuone mtego ambao Bahati hauoni.

Nne, kuilinganisha riwaya na kitu ambacho haikukusudia kuwa. Riwaya fupi ya kusomwa ndani ya matatu isilaumiwe kwa kutokuwa na falsafa ya Kezilahabi. Ilaumiwe ikiwa imeshindwa kufanya ilichoahidi.

Tano, kumwonea mwandishi mchanga au kumhurumia. Mwandishi wa kitabu cha kwanza akisifiwa bure, kitabu chake cha pili kitakuwa na kasoro zile zile. Akikejeliwa, huenda kisiwepo cha pili.

Kwa mtahiniwa

Yawezekana unajiuliza yote haya yatakusaidiaje katika karatasi ya tatu ya KCSE, yaani 102/3, yenye alama 80. Riwaya mpya ya mapenzi haitatahiniwa. Kumbuka, hata hivyo, kuwa riwaya iliyoteuliwa ina miongozo mingi madukani, na ni rahisi kuikariri miongozo hiyo bila kufikiri. Riwaya mpya haina mwongozo. Unapoisoma, huna budi kuitafuta dhamira mwenyewe, kuuchunguza msuko mwenyewe, na kuutafuta ushahidi mwenyewe. Anayezoea kufanya hivyo hatishwi na swali la 'Jadili' au 'Thibitisha' ambalo halikuwa katika mwongozo. Swali la dondoo nalo huwa rahisi kwa aliyezoea kuuliza nani anamwambia nani, wapi, na kwa nini anayasema maneno hayo wakati huo.

Fanya hivi: kila umalizapo riwaya, andika aya tatu. Ya kwanza ieleze hadithi inahusu nini bila kufichua mwisho. Ya pili itaje kilichofaulu, na tukio moja la kuthibitisha. Ya tatu itaje kilichofeli, na tukio moja la kuthibitisha. Dakika 30 zatosha.

Kwa mwalimu

Mwalimu mwenzangu anaweza kuuliza: vitabu vitatoka wapi, na itakuwaje vikiwa na maelezo yasiyofaa darasani? Kuhusu la kwanza, Eastlands haina ukame wa maktaba. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, ina matawi Kaloleni na Makadara. Matawi hayo yamekarabatiwa kupitia shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017 na Angela Wachuka na Wanjiru Koinange. Buruburu nako kuna maktaba ya KNLS. Chama cha Kiswahili cha shule kinaweza kupanga ziara moja kila muhula, kila mwanachama akarudi na tahakiki ya ukurasa mmoja ya kubandikwa kwenye ubao wa matangazo.

Kuhusu la pili, mwalimu akisome kitabu kabla ya kukipeleka darasani. Asiyekisoma hana haki ya kukisifu wala kukilaani. Kama kina kurasa ambazo haziwafai wanafunzi wake, achague sura nyingine ya kufundishia, au akiache. Lakini akikitwaa kitabu kutoka kwa mwanafunzi, asikirudishe kabatini kabla ya kumwuliza: kikwazo kilikuwa nini, na ulikisadiki? Swali hilo moja huweza kufungua mazungumzo ambayo adhabu isingeyafungua, hasa kwa msichana ambaye hana mtu mwingine mzima wa kuzungumza naye kuhusu mambo hayo.

Hitimisho

Mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Mapenzi ni mada ya zamani, na waandishi wapya wataendelea kuyapika kila mwaka, wengine kwa ustadi na wengine kwa haraka. Vijana wa mitaa yetu watavila vyakula hivyo, tutake tusitake. Kazi ya somo la fasihi ni kuwapa ulimi wa kuonja: watambue palipokolea chumvi, palipoungua, na pale ambapo mpishi ametia sukari ili kuficha uvundo. Mwenye ulimi huo hatadanganywa kwa urahisi na kitabu, wala na mtu.

Maswali ya mjadala

1. Chagua riwaya moja unayoijua. Kwa kutumia jaribio la kuyaondoa mapenzi, eleza kama ni riwaya ya mapenzi au ni riwaya yenye mapenzi.

2. 'Simu imeua kikwazo cha zamani cha riwaya ya mapenzi.' Jadili kauli hii, na upendekeze vikwazo viwili ambavyo mwandishi wa leo wa Nairobi angeweza kuvitumia.

3. Andika tahakiki ya maneno 200 ya riwaya mpya uliyoisoma. Usitumie maneno 'nzuri', 'mbaya' wala 'inafunza'.

4. Taja mahali patatu mtaani kwenu ambapo vijana wawili wangeweza kuzungumza kwa faragha. Eleza jinsi mwandishi angepatumia mahali pamojawapo kujenga taharuki.